Umekutana na mwandishi umpendaye. Umemwambia nini?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, nisije nikaonekana namhubiria mtu.

Miaka mingi iliyopita nilikwenda Nairobi kwenye maonyesho ya vitabu. Nilibeba diwani ya malenga mmoja ambaye mashairi yake niliyahifadhi tangu niko shule. Foleni ya kutiliwa sahihi haikuwa ndefu, mbele yangu walikuwa watu wawili tu. Zamu yangu ilipofika nikamkabidhi kitabu. Akakishika, akakigeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye mgongo wake. Hapo ndipo nami nilipokiona kitabu changu kwa macho yake: karatasi za fotokopi zilizobanwa kwa pini, na jalada la rangi moja lililofifia. Nilikinunua kwa mchuuzi wa kando ya njia hapa Mombasa, na wallahi sikuwahi kujiuliza kwa nini kilikuwa rahisi vile.

Mzee hakunikaripia. Aliniuliza jina, akaandika, akatia sahihi, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa upole, "Hiki mimi sikijui, mwanangu. Lakini wewe nimefurahi kukujua."

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo machache kuhusu maonyesho ya vitabu na watu tunaokwenda kukutana nao huko. Naona si vibaya kuyaeleza, hasa kwa vijana wetu wa Makadara na Mji wa Kale, ambao wengi hawajawahi kumwona mwandishi kwa macho.

Nani yuko kibandani?

Maonyesho makubwa nchini ni Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya. Yalianza mwaka 1998, na kwa kawaida hufanyika mwezi wa Septemba pale Sarit, Westlands. La kwanza la kuelewa ni kwamba anayekodi kibanda ni mchapishaji, si mwandishi. Mwandishi huja kwa mwaliko wa mchapishaji wake, mara nyingi kwa saa moja au mbili, siku kitabu chake kinapozinduliwa au wanafunzi wanapoletwa kumsikiliza. Ukienda Jumatano asubuhi kumtafuta mtu aliyepangiwa Ijumaa alasiri, utakutana na bango lenye picha yake tu. Kwa hivyo kabla ya kufunga safari, fungua kurasa za mwanzo za kitabu, utaona jina la mchapishaji. Mpigie simu, umuulize: fulani atakuwapo siku gani, saa ngapi?

La pili, wachapishaji huenda kule kutafuta biashara ya shule. Hapa Kenya shule ndizo wanunuzi wakubwa wa vitabu. Riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha lazima cha mtihani wa KCSE, basi kwa miaka kadhaa watahiniwa nchi nzima huisoma. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, kisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Mwandishi wa kitabu kama hicho hupangiwa foleni ya watoto waliovaa sare kutoka mlangoni. Kibanda cha pili, malenga wa miaka sabini ana wageni wawili. Usidhani mashairi yake ni mabaya. Yeye hakuna aliyelazimishwa kumsoma, ndiyo tofauti. Ukipita ukamwona mzee amekaa peke yake na vitabu vyake mezani, simama. Pengine hiyo ndiyo nafasi bora utakayoipata siku hiyo, maana atakuwa na wakati nawe.

Senti zinakwenda wapi?

Mwandishi wa vitabu halipwi mshahara. Hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, na sehemu hiyo kwa kawaida ni kama asilimia 10 hivi. Tuseme diwani inauzwa shilingi 600. Mtunzi atapata kama shilingi 60, tena huenda akazingoja mpaka hesabu za mwaka zifungwe. Zilizobaki hugawanywa baina ya mpiga chapa, mchapishaji na mwenye duka. Juu ya hayo, sheria ya mwaka 2013 iliweka kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu, na mlipaji ni msomaji.

Ukinunua fotokopi, mtunzi hupata sufuri. Mchuuzi hakuandika, hakuhariri, hakusahihisha, lakini faida yote ni yake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kitabu maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Miaka hiyo 50 ni haki ya warithi. Sisi watu wa Mji wa Kale suala la mirathi hatuhitaji kufundishwa. Tunajua nyumba ya urithi inavyoweza kuwatenga ndugu wa tumbo moja kwa sababu ya chumba kimoja cha ghorofani. Lakini kitabu cha marehemu tunakipeleka kwenye mashine mchana kweupe, na hakuna anayeona kuwa ameila mali ya yatima.

Najua jibu litakalokuja: "Lakini kitabu chenyewe hakipatikani dukani!" Ni kweli, na kwa diwani nyingi za pwani hilo ndilo tatizo kubwa. Kitabu kilichotoka miaka ya 1970 huenda hakijachapwa tena kwa muda mrefu. Hapo ndipo maonyesho yanapokuwa na manufaa kuliko duka. Mchapishaji mwenyewe yuko mbele yako. Muulize kwa jina la kitabu: mtakichapa lini tena? Mwachie jina na nambari yako. Mwenzako naye aulize, na mwalimu wa shule aulize. Mchapishaji ni mfanyabiashara, na kitabu kisichoulizwa hakichapwi.

Ukifika mbele yake

Watu wengi hufika mbele ya mwandishi wakashikwa na kigugumizi, au wakasema mengi yasiyo na maana. Nilivyojifunza mimi ni hivi.

Salimu kwanza, salamu kamili. Mzee wa mashairi ni ustadh, aliyefundisha ni mwalimu, mwanamke ni Bi fulani. Usimwite kwa jina tupu kama ulivyoliona kwenye jalada.

Jina lako liandike kwenye kikaratasi. Hapa kwetu kuna Khadija na Hadija, Swaleh na Saleh. Ukinyamaza akakosea, kosa hilo litakaa kitabuni maisha.

Usimbebeshe mswada wako wa kurasa 300 asome pale pale. Muulize anapenda kutumiwa vipi, au kama kuna mhariri anayeweza kukujulisha kwake.

Picha omba kwanza. Si kila mtu apenda sura yake izunguke kwenye simu za watu.

Swali chagua moja, na liwe lile ambalo yeye peke yake anaweza kulijibu. "Nifanye nini nami niwe mwandishi?" ameulizwa mara mia. Lakini ukimwambia, "Ubeti huu niliusoma usiku aliofariki mama yangu, ulikuwa unamwambia nani?" utaona anaweka kalamu chini.

Ikiwa ni malenga, muombe akusomee ubeti mmoja kwa mahadhi yake. Mashairi yetu yametungwa yasikike, na wengi wetu tumeyaona kwa macho tu. Sahihi ya namna hiyo haipigwi fotokopi.

Mvita tulikutana nao vipi?

Jambo la kukutana na mtunzi si geni kwetu, bali sisi ndio tuliolisahau. Muyaka bin Haji aliyeishi Mombasa kati ya 1776 na 1840 hakuwa na kitabu cha kutia sahihi. Tungo zake zilitoka kinywani zikaingia masikioni, zikasemwa na kujibiwa mitaani. Zilikusanywa baada ya kufa kwake na William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na diwani ikaja kuchapwa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, karne nzima tangu mwenyewe azikwe. Zilidumu kwa sababu kuna watu wa mji huu waliozihifadhi kichwani.

Ahmad Nassir Juma Bhalo aliitwa Malenga wa Mvita, na diwani yenye jina hilo ilitoka mwaka 1971 kwa uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtaalamu wa Mombasa. Ndugu yake, Abdilatif Abdalla, ni mtoto wa Kuze, mwendo mfupi tu kutoka Makadara. Abdilatif alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Naye Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2017, ndiye anayetajwa kuwa aliunda neno runinga. Watoto wetu wanalitumia kila siku. Waulize ni nani aliyelitunga.

Nimewahi kuuliza vijana uwanjani. Waandishi wa vitabu vya mtihani waliwataja bila kusita. Nilipouliza kuhusu mshairi wa Kuze, mmoja akaniuliza kama ni mchezaji wa mpira. Sikumlaumu. Nani alimkutanisha naye?

Na Makadara je?

Nairobi ni kama kilomita 480 kutoka hapa. Tangu Januari 2024 tikiti ya daraja la kawaida ya treni ya SGR ni shilingi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000, bado hujala wala hujalala. Kwa bei ya mfano wetu hivyo ni vitabu vitano. Mzazi wa watoto watatu hawezi, na hatuna haki ya kumwambia hapendi kusoma.

Lakini uwanja tunao. Kila Idi, Uwanja wa Makadara hujaa bembea, viazi karai, mabuyu na watoto waliovaa nguo mpya wakiwa na pesa ya Idi mkononi. Wanakuja wenyewe bila kutangaziwa. Hapo kati, kinashindikana nini kuweka meza moja ya vitabu na viti viwili, na alasiri baada ya sala akakaa mtunzi mmoja, watoto wakamuuliza wapendalo? Ngome ya Yesu iko karibu. Vijana wa Swahilipot wako karibu, na kipaza sauti wanacho. Maktaba ya Seif bin Salim iko karibu. Mwakilishi wa wadi ya Mji wa Kale/Makadara anatujua kwa nyuso. Hatuhitaji ukumbi wa kukodi wala mgeni rasmi wa kukata utepe.

Kwa upande wa mchapishaji, hesabu ni nyepesi. Hawezi kusafirisha kibanda kizima kwa ajili ya kuuza diwani kumi. Lakini shule na madrasa tano zikiandika mapema kuwa zitachukua nakala ishirini ishirini, hizo ni nakala mia, na kwa nakala mia kuna wa kuja. Wanaoweza kuandika barua hiyo ni walimu na wazazi, yaani sisi.

Na tusichelewe. Watunzi wetu wengi ni watu wazima, na daktari hamwandikii mtu tarehe.

Yule mzee wangu ametangulia mbele ya haki. Diwani yake nilikuja kuipata baadaye, nakala halali, nikainunua kwa bei yake bila kuomba kupunguziwa. Ziko zote mbili rafuni kwangu, zimeegemeana. Moja ina sahihi lakini haina haki, nyingine ina haki lakini haina sahihi. Watoto wangu ningependa wawe na yenye vyote viwili, na waipate bila kupanda treni.