Injini Ikizimika Angani

Watoto wa Panda, katika mji wa Likasi, wakisikia ngurumo ya ndege ndogo huinua macho yao juu. Ndege hiyo mara nyingi ina injini moja tu. Je, injini ikizimika, ndege itaanguka kama jiwe?

Hapana. Injini huisukuma ndege mbele, lakini kinachoibeba ni mabawa. Mabawa huibeba maadamu hewa yapita juu yake na chini yake kwa kasi. Mtazame mtu ashukaye mlima kwa baiskeli: hakanyagi, na hata hivyo baiskeli yaenda mbio. Vivyo hivyo rubani huinamisha pua ya ndege kidogo, nayo huteleza hewani. Ndege ndogo nyingi zikiwa mita 1,000 juu ya ardhi zaweza kuteleza kilometa 8 hivi. Basi kimo ni akiba ya rubani. Akiitumia vizuri, apata nafasi ya kuchagua mahali pa kutua.

Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hutaka kuinua pua ili asishuke. Hilo ndilo kosa kubwa. Kasi hupungua, mabawa hushindwa kuibeba ndege, ndipo huanguka kweli.

Katika nchi ya Katanga, chini kuna misitu, na vichuguu virefu kama nyumba. Kwa hiyo rubani hutafuta shamba, barabara au mbuga iliyo wazi. Huielekeza ndege kule upepo utokako, ili iguse ardhi kwa mwendo mdogo. Tena hufunga mafuta na kuzima umeme, moto usije ukatokea.

Hayo yote aliyajua Beryl Markham. Alilelewa Njoro, nchini Kenya, akajua Kiswahili, akawa rubani wa kuchukua barua na abiria. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Uingereza peke yake, avuke bahari ya Atlantiki mpaka New York. Usiku mafuta ya tangi moja yakaisha, injini ikanyamaza. Juu giza, chini bahari! Akaishusha pua kwa utulivu, huku mkono wake ukipapasa kufungua tangi jingine. Injini ikawaka tena, zikiwa zimebaki mita 100 hivi tu kuyafikia maji.

Siku ya pili yake akaikaribia nchi kavu ya Kanada. Hapo injini ikaanza kukohoa, mwisho ikazimika. Baadaye alieleza ya kuwa barafu iliziba tundu la hewa la tangi. Akateleza mpaka kisiwa cha Cape Breton, akatua. Kumbe pale palikuwa kinamasi! Magurudumu yakazama, pua ikachoma matope. Aliumia kichwa, lakini alipona, na wavuvi wakamkuta.

New York hakufika kwa ndege ile. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kwenda magharibi. Aliishi miaka mingi, akafa Nairobi mwaka 1986.

Chuma kilichovunjika fundi hukitengeneza, uhai hautengenezwi. Kwa hiyo rubani mwema haihurumii ndege, bali huwahurumia watu. Wala hapotezi akiba yake kwa hofu.

Maswali
1. Ni kitu gani kinachoibeba ndege angani?
2. Kwa nini ni kosa kuinua pua injini ikizimika?
3. Beryl Markham alifanya nini injini iliponyamaza usiku?