Tuitunze Miguu Kabla ya Kuupanda Mlima

Wasafiri wengi wanaokwenda kuipanda Milima ya Rwenzori hujiandaa kwa bidii kuikabili baridi, mvua na hewa nyepesi ya kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Ni wachache wanaokumbuka kuiandaa miguu. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwani huko juu hakuna barabara wala gari, na mtu asiyeweza kutembea hana budi kubebwa na wenzake juu ya mawe yanayoteleza na matope yanayozamisha. Lengelenge dogo kama sarafu laweza kuwatia hatarini watu wote wa msafara mmoja.

Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tulifundishwa mapema kwamba silaha ya kwanza ya askari wa miguu ni miguu yenyewe. Somo hilo si la askari peke yao. Lamfaa mwanafunzi anayekwenda Rwenzori au Mlima Elgon kwa mara ya kwanza, lamfaa mkulima wa miteremkoni, na lamfaa mpagazi anayejipatia riziki kwa kubeba mizigo ya wageni.

Yafaa kwanza kulielewa lengelenge lenyewe. Wengi hudhani kwamba linatokana na ngozi kusuguliwa kwa juu tu. Ukweli ni kwamba kila hatua mfupa husogea ndani ya mguu hali ngozi imeshikwa na soksi na kiatu. Matabaka ya ngozi huvutwa huku na huku, maelfu ya mara kwa siku, hadi yanaachana, na maji ya mwili yakaijaza nafasi iliyobaki. Joto na unyevu huharakisha maangamizi hayo, kwa sababu ngozi iliyolowa jasho hulegea na kunata katika soksi.

Mwinuko nao una mambo yake. Njia ya kale ya Rwenzori huanzia Nyakalengija, na siku ya kwanza humpandisha msafiri takriban mita 1,000 hadi kambi ya Nyabitaba. Wakati wa kupanda, kisigino huinuka na kushuka ndani ya kiatu, na hapo ndipo huchubuka. Siku ya mwisho mita zizo hizo hushukwa, tena kwa magoti yaliyochoka, na vidole hugonga ncha ya kiatu mpaka kucha huwa nyeusi na kung'oka. Basi anayejihadhari na kupanda peke yake amejihadhari nusu tu.

Kiatu kichaguliwe alasiri, wakati mguu umekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za mchana, nacho kijaribiwe pamoja na soksi zitakazovaliwa safarini. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisicheze. Halafu kivaliwe nyumbani, sokoni na vilimani kwa majuma kadhaa kabla ya safari. Kiatu kipya kilichotolewa dukani jana hakina haki ya kupelekwa mlimani leo.

Katika mabonde ya Rwenzori, hasa kwenye kinamasi cha Bigo, wapagazi na waongozaji huvaa gambuti, nao wana sababu njema. Ingawa sehemu kadhaa zimejengewa njia za mbao, matope bado ni mengi. Lakini gambuti haina kamba ya kuushika mguu, na jasho halina pa kutokea. Anayeivaa na achague inayomkaa sawasawa, aweke kitambaa kizuri cha ndani, na avae soksi nene za sufu. Soksi za pamba tupu tusizipeleke huko, maana hunyonya maji na kukaa nayo. Wengine huvaa jozi mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili msuguano uwe baina ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi.

Kucha zikatwe siku chache kabla ya safari, kwa mstari ulionyooka, wala zisichimbwe pembeni. Kabla ya kuanza kushuka, msafara usimame, kila mtu akaze upya kamba za kiatu penye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo, na fimbo itumike.

Hata hivyo, kanuni iliyo kuu kuliko zote ni hii: mtu anaposikia mahali pamoja pa mguu panawaka moto, asimame papo hapo. Asingoje kambi. Avue kiatu, akaushe ngozi, atoe mchanga, abandike plasta isiyo na makunyanzi. Dakika tano hizo huokoa siku tano. Wengi hawasimami kwa kuona haya, wakiogopa kuitwa dhaifu au kuwachelewesha wenzao. Ni wajibu wa kiongozi kuiondoa haya hiyo kwa kuuliza hali ya miguu katika kila mapumziko, naye aanze kwa kuvua kiatu chake mwenyewe.

Historia imetuachia fundisho katika jambo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918, maelfu ya askari katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji waliharibikiwa na miguu kwa kusimama katika maji na baridi siku nyingi. Jeshi la Uingereza likaamuru soksi zibadilishwe mara kwa mara, maofisa waikague miguu, na askari wawili wawili waangaliane. Hapo madhara yakapungua sana. Utaratibu huo wa wawili wawili hauna gharama yoyote, na kundi lolote la vijana laweza kuufuata. Usiku, soksi kavu za kulalia zisivaliwe kamwe kutembelea.

Lengelenge likiwa dogo na halina maumivu, liachwe na kufunikwa. Likiwa kubwa na lenye kuuma, lisafishwe, litobolewe ukingoni kwa sindano iliyosafishwa vizuri, maji yatoke, lakini ngozi ya juu isichunwe, kwa kuwa ndiyo bandeji ya asili. Penye usaha, wekundu unaoenea au homa, mgonjwa ateremshwe akatibiwe. Mwenye ugonjwa wa kisukari amwone daktari kabla ya safari, wala asijitoboe.

Mwisho, tunawakumbusha wanaokodi wapagazi. Mgeni huvaa viatu vya bei kubwa, na pengine anayembebea mzigo amevaa gambuti za kuazima, kubwa kuliko mguu wake, bila soksi. Naye ana ngozi kama sisi, na mguu wake ukiharibika, watoto wake hukosa chakula cha majuma kadhaa. Kabla ya kuondoka Nyakalengija, mkuu wa msafara aikague miguu ya wote, wenye mizigo kwanza, na jozi mbili za soksi za sufu zihesabiwe katika gharama za kila mpagazi.