Je, Wajua? Teksi ya Kisangani ilikuwa baiskeli

Je, wajua kwamba jijini Kisangani, nchini Kongo (DRC), kulikuwa na wakati ambapo teksi ya kawaida ilikuwa baiskeli? Vita vilivyoanza 1998 vilikata safari za meli za Kinshasa, njia ya mto yenye kilomita zaidi ya 1,700, na petroli ikaadimika. Vijana wakafunga mto laini kwenye keria ya nyuma, wakabeba abiria. Wenyeji waliziita baiskeli hizo toleka. Mama alikaa upande, mtoto mgongoni, kapu la soko mapajani, na dereva akakanyaga pedali bila kulalamika (au labda kimoyomoyo).

Siku hizi pikipiki ndizo zinazojaa barabarani, pamoja na honi zake. Lakini pikipiki haina la kufanya mbele ya Mto Kongo. Mji umekaa kingo mbili, na hakuna daraja la kuvuka kwenda Lubunga, sehemu ya mji iliyo ng'ambo. Watu huvuka kwa mitumbwi. Ng'ambo hiyo ndiko inakoanzia reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyofunguliwa 1906 ili kukwepa maporomoko ya Boyoma. Kwa hiyo mkazi wa Makiso, upande wa pili wa mto, anayetaka treni huanza safari yake majini.