Miti na Maji Kwanza, Ghorofa Baadaye

Mtu akifika na karatasi ya nyumba ya ghorofa, watu wote huitazama nyumba. Huhesabu vyumba na madirisha, huuliza bati litakuwa la rangi gani. Ile karatasi ya pili, inayoonyesha kiwanja chenyewe, yaani miti, mifereji, njia na majani, hukunjwa upesi na kurudi mfukoni. Nasi twasema hiyo ya pili itazamwe kwanza, hasa katika nchi ya vilima kama Ngara yetu.

Pengine msomaji wa Murukulazo atasema, “Ghorofa ni mambo ya Dar es Salaam.” Ni kweli kwamba huko Magomeni Kota, mwaka 2022, zilifunguliwa nyumba za ghorofa kwa ajili ya kaya 644. Lakini nyumba ya jamaa wengi chini ya paa moja, iwe ya walimu, ya wauguzi au ya kupangisha, yaweza kujengwa mahali po pote, na mvua itainyeshea vile vile.

Tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la meta 30 kwa 20 lina meta za mraba 600. Mvua kubwa ya milimita 40 huteremsha juu yake lita 24,000, ndiyo mapipa 120 ya lita 200. Zamani maji hayo yalinywewa na udongo, migomba na majani makavu. Sasa yashuka yote pamoja penye pembe ya nyumba. Uwanja nao ukisakafiwa kwa saruji, ongeza mapipa ya uwanja. Mwenye shamba la chini ndiye atakayeyapokea, naye hakuonyeshwa karatasi yo yote.

Watu wa Ngara wajua kilima kilichovuliwa miti yake. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakakaa Benaco. Walihitaji kuni na miti ya vibanda, na miti ikaisha upesi. Mama mwenye watoto na chungu hukata mti ulio karibu, nani atamlaumu? Lakini mjenzi wa ghorofa hana dharura hiyo. Ana miezi mingi ya kupanga.

Basi aonyeshe miti iliyopo, na ule utakaobaki uzungushiwe uzio kabla trekta halijafika. Mti si shina tu. Mizizi yake huenea kupita kivuli cha matawi, tena karibu na uso wa ardhi. Magari yakipita hapo, au kifusi kikimwagwa, mti huweza kusimama mwaka mmoja au miwili ukiwa kijani, halafu hukauka, na watu husema umekufa kwa uzee.

Na itakayopandwa je? Mikaratusi karibu na kisima, hapana. Hunywa maji mengi. Ile miashoki iliyonyooka kama mishumaa hupendeza penye lango, lakini kivuli chake chamtosha kuku mmoja. Mwembe ni mzuri, mbali na ukuta na mabomba. Tena aulizwe nani ataumwagilia mche mwezi wa Julai. Kamba ya nguo itafungwa wapi? Watoto watacheza mahali ambapo mama awaona kutoka juu? Maua ya mbele hayajibu maswali hayo.

Kuuliza hivi si ukaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, yataka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kuanza, na wananchi washirikishwe. Yakataza pia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Walio karibu na Ruvubu na Kagera walikumbuke hilo.

Huko Nairobi, mwaka 1989, ilitakiwa kujengwa ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista huko Nyeri na Limuru, aliandika barua baada ya barua. Alidhihakiwa hata bungeni. Mwishowe wenye fedha walijitoa na jengo halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwetu yatosha mkutano wa kijiji. Mwenye mradi aombwe kwenda na watu mpaka kiwanjani, karatasi mkononi, aonyeshe maji ya kila pembe yatakwenda wapi na mti upi unabaki. Majibu yaandikwe katika muhtasari kabla ya saini. Siku nzuri ya kwenda ni siku ya mvua.