Chama cha Wachunguzi wa Mifumo

Tusemapo «mfumo», tunataka kusema kitu kizima ambacho sehemu zake zategemeana: ukigusa moja, nyingine zageuka. Mwaka 1954, kule Marekani, wenye elimu wanne, Bertalanffy mjuzi wa viumbe, Boulding wa uchumi, Gerard wa kazi za mwili na Rapoport wa hesabu, walikusudia kuanzisha chama cha kuchungua mifumo. Kwa nini? Kila mjuzi alijifungia shambani mwake, akitafuta kwa taabu kanuni ambayo jirani amekwisha kuivumbua. Tazameni: mwili ukizidi joto, jasho latoka kuupoza, bei sokoni ikizidi, wanunuzi wapungua, nayo yashuka. Tangu 1988 chama hicho chaitwa cha mataifa yote. Lakini tuangalie: kufanana si kuthibitisha, kila mfano upimwe mahali pake.