Kapu la Handa: kitabu kimoja, masomo wiki nzima

Leo siasa naweka pembeni kidogo.

Hapa nyumbani kuna binti wa dada yangu, yuko darasa la pili, ana siko seli. Maumivu yakimbana anakaa nyumbani wiki nzima, akirudi shule wenzake wameshafika mbali. Juzi kaniambia, "Mjomba, mimi kichwa changu kigumu." Iliniuma. Mimi si mwalimu, nimeishia kidato cha nne, lakini mchana nipo, basi kazi ikawa yangu.

Tunatumia kitabu cha picha kiitwacho Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka Uingereza mwaka 1994. Handa ni binti wa Kijaluo, Kenya. Anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba kwenye kapu kichwani. Njiani wanyama wanachomoa moja moja: tumbili ndizi, mbuni pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, kasuku pasheni. Handa hana habari! (Kijiji gani hicho chenye twiga na mbuni njiani, sijui, lakini watoto hawaulizi.)

Utamu uko hapa. Maneno hayasemi kabisa kwamba matunda yanaibiwa, picha ndizo zinasema. Kwa hiyo hata mtoto anayesoma kwa kukwama anajua jambo ambalo Handa halijui. Mimi huwa nauliza: "Umeona nini? Handa anajua? Umejuaje kama hajui?" Hapo anaongea mpaka nachoka mimi. Halafu namwambia aseme sentensi moja, naiandika, anaisoma mwenyewe. Maneno ni yake, ndiyo maana hakwami sana.

Hesabu nayo imo humo humo. Vizibo saba vya soda kwenye ungo, kila mnyama akipita toa kimoja, zimebaki ngapi? Mpaka sifuri. Sifuri ilikuwa inamsumbua sana kwenye daftari, lakini ungo mtupu aliuelewa palepale.

Matunda yote saba kwa mara moja ni gharama, tusidanganyane. Nunua mawili ya msimu. Mfunge kitambaa machoni, apapase, anuse, ataje. Kata, mhesabu mbegu: embe moja, pasheni hamtamaliza leo. Hiyo pasheni mkamulie juisi, maana mtoto wa siko seli anatakiwa anywe vya majimaji kwa wingi, na maji matupu huyu wetu huwa anagoma.

Siku akiwa na maumivu hatufanyi lolote. Namsimulia tu, amelala.

Kokwa la parachichi usitupe. Lichome vijiti vitatu ubavuni, liegeshe kwenye glasi, upande mpana uguse maji, badilisha maji kila baada ya siku chache. Linachukua wiki kadhaa, msikate tamaa. La kwetu limepasuka jana, na kila asubuhi analipima kwa rula kabla hajapiga mswaki.