Safari ndefu kwa baiskeli (2): Pumzi ipo, magoti bado

Juma lililopita tuliona jinsi moyo na mapafu vinavyoitikia mazoezi upesi. Mtu akiendesha wiki mbili tu, majimaji ya damu yake huongezeka, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kile kilima cha kutoka Pugu kwenda Kisarawe kilichokuwa kikimtoa ulimi nje kinaanza kupandika. Hatari inaanzia hapo. Akishaona pumzi haikatiki anajihesabu yuko tayari, ananunua jezi, na anawaahidi wenzake kwamba Jumamosi atatoka nao Kibaha mpaka Morogoro.

Hiyo ni safari ya kilomita 150 na ushei. Tena ni barabara yenye malori tangu Maili Moja, na kuanzia Ruvu kwenda Chalinze jua ni lako peke yako.

Kinachomwangusha kwanza kwa kawaida ni akiba ya chakula mwilini, na jambo hili tunalijua vizuri kwa sababu ya watu wawili waliokubali kuchomwa sindano. Miaka ile ile ambayo nchi za Nordic zilikuwa zikijenga kituo cha elimu cha Kibaha, kilichoanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, huko Sweden Jonas Bergström na Eric Hultman walikuwa wakijifanyia majaribio wenyewe. Walikaa kwenye baiskeli moja ya maabara, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, kila mtu akikanyaga pedeli kwa mguu mmoja hadi mguu huo ukagoma. Kisha kikachukuliwa kipande kidogo cha nyama ya paja kwa sindano nene. Mguu uliofanya kazi ulikutwa karibu mtupu, hauna glaikojeni, yaani ile sukari ambayo misuli hujiwekea. Mguu uliopumzika ulikuwa na akiba yake kama kawaida. Wakala vyakula vya wanga kwa siku tatu, na ule mguu uliochoshwa ukajaza akiba hadi maradufu ya mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1966, na mpaka leo sijaona jaribio linaloeleza uchovu wa baiskeli vizuri kuliko hilo.

Tuyarudishe huku kwetu. Mwili mzima wa mtu mzima unahifadhi glaikojeni kama gramu 400 hadi 500. Akikanyaga kwa nguvu, inaweza kumwishia kwa saa mbili hivi. Aliyetoka Maili Moja alfajiri kwa mbwembwe atakuwa maeneo ya Vigwaza, karibu na mizani. Mafuta mwilini yapo tele, lakini misuli isiyozoea haina mitambo ya kutosha ya kuyaunguza. Mwaka 1967 Mmarekani John Holloszy alionyesha, kwa panya aliowakimbiza kwa majuma kadhaa, kwamba mitambo hiyo huongezeka kwa mazoezi. Neno zito hapo ni majuma. Ukikesha ukila tambi huwezi kuyafidia.

Kwa hiyo asiye na mazoezi ya kutosha ana njia moja ya maana: apunguze mwendo tangu kilomita ya kwanza, wakati bado anajisikia ana nguvu. Mwendo ukiwa wa chini, misuli hutumia mafuta zaidi na sukari kidogo. Halafu kuna upepo. Nguvu ya kuushinda upepo hupanda haraka mno kuliko mwendo wenyewe. Ukishuka kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 20, sehemu hiyo ya kazi inapungua karibu nusu.

Wanaolijua hili bila kusoma popote ni wapakiaji wa mkaa wanaotoka vijiji vya Kisarawe na Kibaha kuingia Dar es Salaam. Mwangalie mmoja kwa makini. Baiskeli yake ni ya chuma, haina gia, keria imeongezewa nondo, magunia mawili ya lumbesa yamefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Anatoka usiku, wengine kwa kukwepa jua na wengine, tusifichane, kwa kukwepa geti la maliasili. Kwenye tambarare anakanyaga polepole. Akifika kilimani hashindani nacho: anashuka, bega linaegemea mzigo, anasukuma. Kijana mwenye baiskeli ya mamilioni anaona aibu kushuka, na kwa aibu hiyo anayamaliza magoti yake.

Maana magoti ndiyo habari yenyewe. Msuli hupata nguvu mapema, lakini kano zinazouunganisha na mfupa huchelewa, nazo huhitaji miezi. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kipo chini mno. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ganzi ya vidole viwili vya mwisho husababishwa na kuegemea usukani muda mrefu, neva ikabanwa kiganjani. Badilisha mshiko mara kwa mara. Makalio hayana dawa ya haraka. Yanazoeshwa kwa kukaliwa.

Kula kabla njaa haijagonga: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu mbili zinatosha, au muhogo wa kuchemsha, ambao Kisarawe hawahitaji kufundishwa. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo, na jasho linabeba chumvi. Katika mbio za Boston za 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu. Asilimia 13 walikutwa na upungufu wa chumvi, hasa waliokunywa kupita kiasi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinatosha kuwa dawa ya njiani. Kunywa kwa kiu.

Jambo la mwisho kwa leo ni vidonge vya maumivu. Diclofenac na ibuprofen vikimezwa mwili ukiwa umekaukiwa maji vinaweza kuumiza figo, na msuli uliochoshwa kupita kiasi nao humwaga uchafu wake huko huko. Mkojo ukiwa wa rangi ya soda nyeusi, safari imekwisha hapo ulipo. Pakia baiskeli kwenye gari linalorudi, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Itaendelea: breki, mnyororo na pancha.